Damu imeshuka baada ya kukatwa tumbo kupunguza uzito? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Kila wiki lazima niamke nikute meseji ile ile. "Dada samahani, mi nilifanya ile operesheni ya kupunguza mwili, sasa HB imesoma 8, ninywe nini?" Na kabla sijajibu anaongeza mwenyewe kwamba juisi ya bitiruti na rozela anakunywa wiki ya tatu sasa na bado akipanda ngazi anaona nyota. Nimechoka kuandika jibu moja mara hamsini, kwahiyo naliandika hapa lote, ukiulizwa na mwenzio mpe hili.

Mi sio daktari, naomba hilo likae kichwani mpaka mwisho. Ni mtu niliyefanyiwa baipasi, naishi Dodoma, kazi yangu iko Mtumba, na hiki kitu kimenipiga mwenyewe. Mwaka wa pili baada ya operesheni nilianza kutafuna barafu, yaani sio kunywa maji ya baridi, natafuna barafu kru kru kru ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza wewe huna ganzi ya meno? Nyumbani friza ilikuwa imejaa vikombe vya plastiki vya barafu kuliko nyama. Nikahamia kwenye pemba, ule udongo wa kula wa kuuzwa vipande vipande pale soko la Majengo, nabeba kwenye pochi kama pipi. Nilidhani ni uroho tu. Nilipokuja kupima, HB (kiwango cha damu) ilikuwa 7.4 na feritini (akiba ya chuma mwilini) 4. Na hapo nilikuwa nameza vidonge vya damu miezi mitatu kila siku bila kukosa! Shida ni kwamba kwenye zahanati moja niliambiwa "meza asubuhi baada ya chai" na mimi nikawa nashushia kabisa na chai ya maziwa pamoja na kidonge cha kalsiamu, nikajiona mtu wa nidhamu kweli kweli.

Mwongozo huu ni wa waliofanya slivu (tumbo limekatwa likabaki kama mrija) au baipasi (tumbo dogo limeunganishwa na utumbo wa mbele). Kama uliwekewa puto tu, wewe hujakatwa kitu, damu yako ikishuka tafuta sababu kama mtu mwingine yeyote. Kama ni mjamzito usijitibu kwa maandishi haya, nenda kliniki na uwaambie ulishafanyiwa operesheni ya namna gani.

Kwanini sisi inatushukia, kwa kifupi

Chuma kwenye chakula kinanyonywa zaidi pale mwanzoni kabisa mwa utumbo mdogo, na kinahitaji asidi ya tumbo ili kiwe katika hali ya kunyonyeka. Baipasi inaruka hicho kipande cha utumbo, na asidi inabaki kidogo sana. Slivu haijaruka utumbo ila sehemu kubwa ya tumbo imeondolewa, asidi imepungua na nyama unakula vipande viwili umeshiba. Ukiwa mwanamke unayepata hedhi, kila mwezi unatoa na kinachoingia hakitoshi. Basi, nadharia imeisha.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Karatasi ya operesheni inayosema ulifanyiwa nini. Ukienda hospitali na kusema "nilikatwa tumbo" tu unaweza kutibiwa kama mtu wa kawaida.
- Majibu ya vipimo, nitavitaja hatua ya 1.
- Orodha ya KILA unachomeza, hata dawa ya kiungulia, hata ya mgongo, hata unga wa mizizi uliopewa na mama mkwe.
- Vidonge vya chuma vya kawaida, sio vile vya kuyeyuka polepole.
- Malimau, machungwa au mapera.
- Simu yenye alamu, na daftari dogo.
- Sehemu ya juu au kabati la kufunga kwa ajili ya hizo dawa. Hili sio dogo. Vidonge vya chuma vinafanana na pipi na mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa. Akimeza, usisubiri aumwe, mkimbize hospitali hapo hapo na kopo lake mkononi.

Hatua ya 1: Pima vizuri, HB peke yake haitoshi

Watu wengi wanachomwa kidole, wanaambiwa "damu yako 11, ni ndogo kidogo, kula mboga za majani" wanarudi nyumbani. Kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12 ni upungufu, kwa mwanaume chini ya 13. Lakini HB ni gunia lililoko jikoni. Ghala ni feritini. Unaweza kuwa unapika ugali kila siku kwa raha zako wakati ghala limebaki vumbi, na siku gunia la jikoni likiisha ndio unashtuka.

Omba hivi:

- FBP, yaani hesabu kamili ya damu, hii ipo karibu kila mahali. Humo angalia HB na MCV, yaani ukubwa wa chembe. Chuma kikipungua chembe zinakuwa ndogo.
- Feritini. Chini ya 15 ghala limekauka. Chini ya 30 madaktari wengi wanahesabu umepungukiwa.
- CRP, kipimo cha uvimbe mwilini, siku hiyo hiyo kama inawezekana, maana feritini inapanda yenyewe ukiwa na maambukizi au uvimbe mwilini. Ukipima ukiwa na malaria au kidonda kinachouma unaweza kuona feritini 80 ukashangilia bure.
- Vitamini B12 na foleti (ndio hiyo hiyo foliki).

Hiyo B12 usiiruke, na nitaeleza kwanini kwa sababu ndio kosa baya kuliko yote. FEFO, vile vidonge vya kliniki ya wajawazito, ndani yake kuna chuma na asidi ya foliki. Sasa kama B12 yako iko chini na unameza foliki, damu inaweza kuanza kupanda vizuri kabisa na wewe unafurahi, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika kimya kimya, miguu inakufa ganzi, kumbukumbu inapotea. Watu wa baipasi tunapungukiwa B12 sana. Tena kuna ujanja mwingine humo: chuma kikipungua chembe zinakuwa ndogo, B12 ikipungua zinakuwa kubwa, vikipungua vyote viwili MCV inasoma kawaida kabisa na mtu anakwambia huna tatizo.

Feritini na B12 hazipimwi kila zahanati. Hapa Dodoma anza na hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa au Rufaa ya Mkoa, au maabara binafsi za mjini, ila piga simu kwanza uulize kama kipimo kipo siku hiyo na bima yako inalipia, usije ukatoka Mpwapwa au Kondoa na nauli yako ukaambiwa rudi Jumatatu.

Hatua ya 2: Tafuta inakovuja

Kujaza ndoo iliyotoboka ni kazi ya kudumu. Kabla hujakubali kwamba ni operesheni tu, muulize daktari haya:

Hedhi. Kama unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, au inaenda zaidi ya siku 7, au inatoka mabonge, hapo kuna kitu. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi, inaweza kuwa kitanzi cha shaba, ambacho kinajulikana kuongeza hedhi. Kina dada wengi hawasemi hili kwa daktari mwanaume, wanaona aibu, wanaishia kumeza chuma miaka mitatu.

Kidonda kwenye maungio ya baipasi. Huyu ni adui yetu wa pekee. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinakileta, sigara zinakileta. Ukiumwa kichwa meza parasetamo. Ukienda duka la dawa na kusema mgongo unauma utapewa diklofenaki kabla hujamaliza sentensi, kwahiyo wewe ndio useme mapema: mimi nina baipasi, hizo simezi. Kama umeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo usiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia.

Minyoo ya safura. Hawa wananyonya damu kweli, sio hadithi. Peleka choo kikapimwe, dawa yake ni rahisi.

Ukiona choo cheusi kinachong'aa, kinanata kama lami na kinanuka vibaya isivyo kawaida, au unatapika damu, au kifua kinauma, au unazimia, au moyo unaenda mbio umekaa tu, acha kusoma nenda hospitali sasa hivi. Vidonge vya chuma navyo vinafanya choo kiwe cheusi, ni kweli, ila hicho kinakuwa kikavu, cha kijani iliyokolea au cheusi tu, hakinati na hakina ile harufu. Ukishindwa kutofautisha, nenda tu.

Hatua ya 3: Chagua kidonge kwa kusoma nyuma ya boksi

Namba kubwa ya mbele inadanganya. Kidonge kimeandikwa miligramu 200 za feras salfeti lakini chuma halisi ndani yake ni kama 65. Feras fumareti ya 200 nayo ni kama 65. Feras glukoneti ya 300 ni kama 35 tu. FEFO kwa kawaida ni 60 na kitu. Hesabu yako yote ifanye kwa chuma halisi, muulize mfamasia kama huoni.

Sasa kiasi gani? Mwongozo wa chama cha madaktari wa upasuaji wa unene cha Marekani unasema kwa kinga, mtu aliyefanya slivu au baipasi na mwanamke anayepata hedhi apate miligramu 45 hadi 60 za chuma halisi kwa siku kutoka vyanzo vyote. Kwa tiba, yaani ukishapungukiwa, 150 hadi 200 kwa siku. Ukipiga hesabu unaona kabisa kwamba kidonge kimoja cha FEFO ni kinga, sio tiba. Ila USIJIPANGIE dozi ya tiba mwenyewe, daktari anaangalia ini lako, selimundu, dawa nyingine na umeongezewa damu mara ngapi, kwa sababu chuma kikizidi mwilini nacho kinaharibu.

Utasikia pia habari ya kumeza siku moja na kuruka siku moja. Sio uzushi. Ukimeza chuma mwili unatoa homoni inayoitwa hepsidini ambayo inafunga mlango kwa kama siku nzima, na tafiti kwa wanawake wenye upungufu wa chuma zilionyesha kwamba ukiruka siku kile kidonge kimoja kinanyonywa vizuri zaidi na tumbo halisumbuki sana. Lakini hao wanawake hawakuwa wamekatwa tumbo. Mi daktari wangu alinianzishia kila siku, baadaye tumbo lilipokataa akanihamishia kuruka. Muulize wako.

Vya kuepuka: vidonge vilivyopakwa ili viyeyuke mbele kwenye utumbo na vya kutoa dawa polepole. Mwenye baipasi kile kidonge kitakuja kuyeyuka mahali ambapo chuma hakinyonyeki tena, umenunua choo cheusi tu. Navyo ndio huwa vya bei kubwa na boksi zuri, usidanganyike.

Hatua ya 4: Panga saa. Hapa ndipo wengi tunafeli

Chuma kina maadui wanne: chai na kahawa, maziwa, kalsiamu, na dawa za kiungulia. Kati yake na kalsiamu weka angalau saa 2. Chai subiri saa 1 ukishindwa kabisa, saa 2 ni bora. Ratiba yangu ya siku ya kazi ilikuwa hivi:

1. Saa 11 na nusu alfajiri, alamu. Kidonge cha chuma, maji nusu kikombe yenye limau, nakunywa kwa mafunda madogo madogo. Tumbo tupu. Silali tena baada ya hapo, kidonge kikikwama kooni kinaunguza.
2. Saa 1 asubuhi, uji au kitu chepesi. Chai HAPANA.
3. Saa 4 asubuhi ofisini, chai yangu. Chai ya maziwa kama nataka, maana saa zimeshapita.
4. Saa 7 mchana, chakula, halafu kalsiamu sitireti miligramu 500.
5. Saa 12 jioni, kalsiamu nyingine.
6. Saa 3 usiku, multivitamini na B12.

Wewe panga yako. Kama asubuhi kunakutapisha, meza usiku, masaa mawili baada ya kula cha mwisho, na ukae wima nusu saa kabla ya kulala. Kama unameza dawa ya goita, doksisaiklini au siprofloksasini, hizo nazo zinagombana na chuma, uliza umbali wake.

Omeprazoli, ile dawa ya kiungulia, inapunguza ile asidi kidogo uliyobakiwa nayo. Wengi tuliandikiwa miezi michache baada ya operesheni halafu tukaendelea kununua wenyewe mwaka wa tatu. Usiikatishe ghafla kama una kidonda, ila uliza: bado naihitaji?

Limau nalo tusilipe sifa za bure. Linasaidia, hasa sisi wa asidi kidogo, lakini kuondoa chai pembeni ya kidonge ni kazi kubwa kuliko ndoo nzima ya malimau. Kama limau linakuunguza, tumia kidonge cha vitamini C.

Hatua ya 5: Chakula, bila kujidanganya

Chakula kinalinda, ghala tupu hakijazi. Kwa tumbo letu hili huwezi kula nyama ya kutosha kuziba upungufu mkubwa, hata uhamie mnadani Msalato.

Chuma cha nyama, maini, wengu na samaki ndio kinachonyonyeka kirahisi. Lakini nyama choma ya Jumamosi pale Msalato, ile ngumu ya mbuzi, inaweza kukwama kwenye kijitumbo ukatapika mbele za watu, imenikuta, nilitoka mbio nyuma ya magari. Chukua nyama ya kusaga ichemshwe na mchuzi, maini yaliyopikwa laini yasikauke, dagaa wa kusagwa waliotupiwa kwenye mboga. Vijiko vitatu vinne, tafuna mpaka iwe uji, protini kwanza ugali baadaye.

Sasa mambo ya kwetu Ugogoni. Mtama mwekundu una vitu vinavyoshika chuma visiachie, na uwele nao una vyake. Sikwambii uache, nani ataacha ugali wa uwele na mlenda? Ila bibi zetu walikuwa na akili: mtama ukiloweka, ukaotesha kimea au ukachachusha unga kabla ya uji, vile vinavyoshika chuma vinapungua. Uji wa unga uliochacha ni bora kuliko wa unga mkavu ulioletwa moja kwa moja kutoka mashine. Magadi kwenye mlenda yanaua vitamini C, na mboga zilizoanikwa juani zimeshapoteza nyingi, kwahiyo kamulia limau mezani wakati wa kula au malizia na kipande cha pera.

Ubuyu una vitamini C, ila ule unga mweupe wenyewe, sio ubuyu mwekundu wa sukari. Mwenye baipasi ukila ule wa sukari kikombe kizima moyo utaenda mbio, jasho, kuhara, unalala chini.

Rozela na bitiruti je? Bitiruti ni nyekundu, damu ni nyekundu, undugu wao umeishia hapo. Chuma chake ni kidogo. Rozela ndio kabisa, ina vitu vya jamii ile ile ya chai vinavyozuia chuma, kwahiyo ukimeza FEFO na juisi ya rozela ili "iongeze nguvu" umefanya kinyume chake. Kunywa kwa kiu yako, saa nyingine.

Hatua ya 6: Pima tena wiki ya 4, usisubiri miezi

Dawa ikifanya kazi HB inatakiwa ipande angalau 1, mpaka 2, ndani ya wiki 4. Andika kwenye daftari: tarehe, HB, feritini, umekosa vidonge vingapi. Daktari ukimpa hiyo karatasi anakuona mtu mzima.

Imepanda? Endelea. Haijapanda na unameza kweli, bila chai, bila kalsiamu? Usiongezewe miezi mitatu mingine ya vidonge vile vile. Nenda hatua ya 7.

Hatua ya 7: Chuma cha dripu

Kwa watu wa baipasi hii sio kushindwa, kwa wengi ndio njia yenyewe, kwa sababu inaingia kwenye mshipa haihitaji utumbo kabisa. Inatumika pale vidonge vimegoma, tumbo limekataa, damu iko chini sana, au unapoteza haraka kuliko unavyomeza.

Kuna aina. Ayani sukrozi inatolewa kidogo kidogo, mara nyingi miligramu 200 kwa siku moja, unarudi mara kadhaa. Kuna aina mpya zinazoingiza mpaka 1000 kwa mkupuo mmoja, bei iko juu, na moja wapo inaweza kushusha fosfeti mwilini, kwahiyo ukichoka zaidi na mifupa kuuma wiki zinazofuata sema.

Masharti yangu kwenye hili ni mawili na sibembelezi. Kwanza, ichomwe hospitali yenye daktari na dawa za dharura, sio nyumbani kwa nesi wa jirani, maana wachache wanapata mzio mkali. Ukishamaliza kaa hapo nusu saa waendelee kukuangalia. Pili, sindano ikianza kuuma au mkono kuvimba sema HAPO HAPO wasimamishe, chuma kikivuja nje ya mshipa kinaacha doa la kahawia kwenye ngozi ambalo haliondoki kirahisi.

Na kuongezewa damu? Hiyo ni kwa HB iliyo chini sana, mara nyingi chini ya 7, au mtu anayezidiwa. Chupa moja inapandisha kama 1 hivi. Inakuokoa, haijazi ghala. Nimeona watu wanaongezewa chupa mbili, wanaruhusiwa, ndugu waliochangia wanashukuriwa, na hakuna aliyeandikiwa chuma. Miezi mitano wamerudi pale pale. Kabla hujatoka wodini uliza: na chuma changu?

Hatua ya 8: Usiache HB ikifika 12

HB ikirudi kawaida endelea na dozi ya tiba kama miezi 3 mingine, au mpaka feritini ifike pale daktari anapotaka. Halafu unashuka kwenye dozi ya kinga, na hiyo ni ya maisha. Pima angalau mara moja kila mwaka hata kama unajisikia mzima.

Mambo yakigoma

*Choo kimekuwa kigumu kama mawe.* Maji ya kunywa kidogo kidogo siku nzima, papai, mlenda unasaidia sana hapa. Ikishindikana omba laktulosi, dawa ya kulainisha choo, au uliza kuhusu kuruka siku.

*Natapika kila nikimeza.* Jaribu usiku, au na kitu kidogo kisicho na maziwa. Utanyonya pungufu ila ni bora kuliko kidonge kilichoko sinkini. Wiki mbili bado? Omba abadilishe aina.

*Napendelea sirapu.* Sawa, ila soma kama ina sukari nyingi, na inapaka meno weusi. Ielekeze nyuma ya ulimi kwa bomba la sindano lisilo na sindano halafu sukutua.

*Feritini imepanda ila HB imegoma.* Rudi kwenye B12, foleti, na uulizie shaba, hasa kama ulifanya baipasi miaka mingi iliyopita. Uvimbe mwilini nao unafanya hivyo.

*HB nzuri, feritini nzuri, nywele bado zinakatika.* Kama uko mwezi wa 3 hadi wa 6 baada ya operesheni, kupungua haraka tu kunatosha kuziangusha. Angalia protini unayokula na zinki.

*Nataka kubeba mimba.* Wengi wanashauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu baada ya operesheni. Jaza ghala kabla, sio ukishabeba. Na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visinyonyeke vizuri kwa mwenye baipasi, uliza njia nyingine.

*Nimeanza kutamani barafu tena, au pemba.* Mi ile hamu iliisha siku chache baada ya dripu ya kwanza, nilishangaa mwenyewe, vikombe vikakaa frizani hakuna anayevigusa. Na safari ya pili ilirudi wakati HB bado inasoma 12.3, kila mtu ananiambia uko vizuri, nikaenda kupima feritini nikakuta 9. Kwahiyo ukijikuta umesimama Majengo unachagua pemba, pitia maabara kabla hujapanda bajaji ya kurudi nyumbani.